Raia akifa vitani, sheria inauliza nini hasa?

Juzi baada ya isha tumekaa barazani Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 9, kahawa inazunguka na simu nayo inazunguka mkono kwa mkono. Kwenye simu kuna klipu, jengo la ghorofa limeshuka chini lote, watu wanafukua kwa mikono na mmoja kabeba mtoto kazungushiwa shuka. Hakuna aliyejua vizuri ni ya wapi maana siku hizi zinakuja za Gaza, za Sudan, za Ukraine, za Kongo hapa jirani, na vumbi ni lile lile. Mzee mmoja mstaafu wa bandari akasema vita ni vita bwana, vita haina macho. Kijana wa bodaboda aliyekuwa kasimama pembeni akaja juu, hapana babu, raia akiuawa ni uhalifu wa kivita, kila aliyerusha bomu likaua raia anatakiwa akajibu mahakamani The Hague. Wakabishana mpaka muuza kahawa akanyanyua dele lake akaondoka.

Mimi nimesoma sheria na hili eneo ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote, na toka siku ile najisikia vibaya kwamba sikuongea, maana wote wawili wameshika kipande cha ukweli na wote wamekosea. Mzee kakosea kwa sababu vita ina sheria, zimeandikwa na zimeshafunga watu. Kijana kakosea kwa sababu sheria hizo hazisemi kila raia akifa basi kuna mhalifu. Hii ya pili inauma kuisema lakini ndivyo ilivyo na ni bora mtu aijue kuliko kuamini kitu ambacho hakipo.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo hapa. Raia kwetu ana maana mbili. Kuna raia wa Tanzania, yani mwenye uraia, na kuna raia yule ambaye sio askari, kama tunavyosema fulani kavaa kiraia. Kwenye sheria za vita ni hiyo maana ya pili tu, uraia hauhusiki kabisa, kwahiyo mkimbizi ni raia, mgeni aliyekuja kufanya biashara ni raia, mwandishi wa habari ni raia, na hata askari polisi wa kawaida kwa sheria hii ni raia maadam jeshi halijamwingiza kwenye vikosi vyake wala hajajiunga na mapigano. Na kukiwa na shaka mtu ni raia au mpiganaji, sheria inasema mhesabu raia.

Askari wa jeshi yeye habari yake ni nyingine. Anaweza kushambuliwa hata akiwa amelala kambini au anakula, na aliyemuua hajafanya kosa la kivita, ila akijisalimisha au akijeruhiwa hawezi tena kupigana hapo haguswi. Katikati yao kuna raia aliyeshika bunduki, huyu anapoteza ile kinga kwa muda wote anaoshiriki mapigano. Kupika chakula cha wapiganaji hakumfanyi mtu mpiganaji, kufanya kazi kiwanda cha risasi hakumfanyi, lakini akiendesha lori la risasi kuzipeleka mstari wa mbele hapo wataalamu wengi wanasema kashaingia. Mimi nikifika hapo huwa nawakumbuka wale wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, wale ambao kikosi chao ndio kiliacha jina la Kariakoo pale Dar, makumi kwa maelfu walikufa njiani kwa maradhi, njaa na kuchoka wakiwa na mizigo ya wanajeshi kichwani. Walikuwa nani wale mbele ya sheria? Wakati ule wala hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Sheria zenyewe kubwa ni Mikataba minne ya Geneva ya 1949, nchi zote duniani zimeikubali, afu kuna Itifaki za Nyongeza za 1977 ambazo ndio zimeandika kwa urefu habari ya mashambulizi na raia. Kuna nchi hazijajiunga na ile Itifaki ya Kwanza, Marekani na Israel zikiwemo, lakini hiyo haiwatoi, maana kanuni za msingi zimeshakuwa desturi ya kimataifa na zinamfunga kila mtu, serikali na waasi vile vile.

Sasa bomu limeanguka na raia wamekufa. Sheria haianzi kwa kuhesabu maiti. Inaanza kwa kuuliza ulilenga nini?

Hapa sie wa Tanga mfano tunao baharini kwetu. Mvuvi wa mshipi anajua anataka nini, akipata kisicho chake anakirudisha. Mwenye baruti anarusha chupa, maji yanaruka, changu na dagaa na vifaranga na matumbawe vyote vinakwenda pamoja, afu anaokota vinavyoelea na vingine vinazama bure. Tulivyokuwa tunapigia kelele uvuvi ule hatukusema kosa lake ni samaki mmoja mdogo kafa, kwa sababu hata nyavu nzuri samaki mdogo ananasa, tulisema kosa ni kwamba baruti haibagui na anayeitumia anajua haibagui. Sheria ya vita inafikiri hivyo hivyo. Kubagua, ambako kwingine kote ni dhambi, vitani ni wajibu. Lazima utenge mpiganaji na raia, utenge kambi na soko, na uelekeze silaha kwa kile tu ambacho ni shabaha ya kijeshi. Kulenga raia makusudi ni uhalifu hata akifa mmoja tu, na kupiga mtaa mzima kama shabaha moja eti kwa sababu ndani yake kuna vituo vitatu vya adui hiyo nayo imekatazwa, na kurusha maroketi yasiyoongozwa kuelekea mji ukijua yataangukia popote nayo ni hivyo hivyo, hiyo ndio baruti yenyewe.

Ukishajibu kwamba ulilenga kitu cha kijeshi kweli, swali linalofuata ni uwiano, na hapa ndipo watu wengi sana wanapopotea. Uwiano sio kulinganisha maiti za huku na za kule, yani wale wameua 10 na sisi tumeua 10 basi tuko sawa, au huyu kaua wengi zaidi basi yeye ndio mhalifu. Kinacholinganishwa ni madhara kwa raia yanayotarajiwa kutokana na shambulio hilo moja, na faida ya kijeshi iliyo bayana na ya moja kwa moja inayotarajiwa kutokana na shambulio hilo hilo. Madhara yakiwa yamepita kiasi ukilinganisha na faida, shambulio ni haramu hata kama shabaha yenyewe ilikuwa halali. Chukua mdunguaji mmoja yuko juu ya paa, chini yake familia sita za wapangaji. Yeye ni shabaha halali, hakuna ubishi, lakini kuangusha nyumba nzima ili umpate yeye mmoja ni sawa na kuchoma nyumba ya kupanga kwa sababu nyoka kaingia chumba cha mwisho. Geuza sasa, ghala kubwa la silaha liko nje ya mji na kuna mlinzi raia mmoja getini, ukilipiga akafa, inasikitisha lakini kwa sheria hii huenda hakuna kosa.

Na neno "yanayotarajiwa" ndio kila kitu. Kamanda anapimwa kwa yale aliyoyajua au aliyotakiwa kuyajua wakati ule anatoa amri, hapimwi kwa yale tuliyokuja kuyajua sisi asubuhi yake. Ndio maana klipu peke yake haitoshi kuhukumu, kwa sababu klipu inaonyesha kilichotokea na sheria inataka kujua kilichokuwa kichwani mwa mtu dakika kumi kabla.

Mimi naona hapa ndipo sheria ilipo na tundu kubwa, nasema wazi. Hakuna namba. Hakuna mahali pameandikwa raia wangapi kwa kamanda mmoja wa adui, na anayepima mara ya kwanza ni yule yule anayetaka kupiga, ni kama kununua sukari kwa mtu ambaye mzani ni wake na kauweka nyuma ya kaunta. Na ukifika kwenye mkataba wa Roma wa 1998 ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya The Hague, ambao Tanzania tuliuridhia 2002, mizani imekuwa migumu zaidi, madhara yanatakiwa yawe yamepita kiasi waziwazi na aliyetoa amri awe alijua.

Swali la tatu ni tahadhari. Ulifanya nini kuwaepusha? Ulihakikisha kwamba unachopiga ni chenyewe, ulichagua silaha na saa ambayo watu ni wachache, ulikuwa tayari kusitisha ukiona mambo sio, ulitoa onyo? Onyo linatakiwa litolewe isipokuwa hali hairuhusu, na hicho kipengele cha isipokuwa kina historia yake na historia hiyo sisi tumeikalia. Novemba 2 mwaka 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilitia nanga hapa Tanga, kapteni wake akateremka kuwaambia Wajerumani kwamba yale makubaliano ya kutoshambulia mji yamekwisha, wajisalimishe, akawapa muda. Wajerumani hawakujisalimisha, walileta askari kwa treni kutoka Moshi, na Waingereza waliposhuka Raskazone na jeshi la watu kama 8,000 wakapigwa na watu 1,000 hivi, nyuki nao wakaingilia, mpaka leo vita ile inaitwa vita ya nyuki. Wanajeshi wanaosoma habari ile wanajifunza kwamba ukimwonya mtu umempa nafasi ya kujipanga. Ndio sababu waliobishana kuandika sheria ya 1977 waliacha huo mlango wazi, na ndio sababu kila jeshi linapita hapo.

Ila onyo likitolewa halimalizi kazi. Hili nasikia kila siku, "waliambiwa wahame hawakuhama, sasa walitaka nini". Hapana. Aliyebaki bado ni raia. Fikiria tangazo linatoka kwamba Tanga mjini wote wahame ndani ya saa 24, wewe una gari utakwenda Muheza, lakini bibi aliyelazwa Bombo na mashine ya oksijeni anakwenda na nini? Kubaki kwake hakumfanyi mpiganaji na maswali yote matatu yanabaki pale pale. Na hospitali yenyewe ina kinga ya ziada, hata wapiganaji wakiitumia vibaya kushambulia kutoka ndani yake, kwanza lazima litolewe onyo la kutaka waache na, inapofaa, wapewe muda wa kutosha, sio kupiga tu.

Vile vile wanaojificha nyuma ya raia. Kutumia watu kama ngao ni uhalifu wa kivita, anayefanya hivyo atajibu yeye, lakini makosa yake hayamfungui mwenzake, Itifaki imeandika hivyo wazi. Watu waliowekwa kuwa ngao bado wanahesabiwa kwenye mizani.

Na nani alianza? Hili ndilo swali la kwanza barazani kila siku na kwenye sheria hii halipo kabisa. Kuna sheria nyingine inayouliza kama nchi ilikuwa na haki ya kwenda vitani, hiyo ni mlango wa pembeni, ila ukishakuwa ndani ya vita kanuni ni moja kwa wote. Coastal na African Sports wakiwa Mkwakwani refa hamwachii mtu aliyekanyaga mguu kwa sababu eti wiki nzima walitukanwa. Vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa kwenye shambulio la Hamas la Oktoba 7 mwaka 2023, walikuwa raia, hakuna dhuluma ya miaka mingapi inayohalalisha kuwaua. Na kuuawa kwao hakuhalalishi kumnyima chakula mtoto wa Gaza, maana kuwatia raia njaa kama silaha ni uhalifu unaojitegemea. Novemba 2024 mahakama ya The Hague ilitoa hati za kukamatwa kwa waziri mkuu wa Israel, aliyekuwa waziri wake wa ulinzi, na kamanda wa Hamas, siku moja, wote watatu. Hati sio hukumu, lakini unaona sheria inavyojaribu kutazama.

Sasa niwape kisa kimoja kwa ukaribu, maana hiki ndicho nilichotamani kumsimulia yule mzee.

Usiku wa kuamkia Septemba 4 mwaka 2009, Kunduz kaskazini mwa Afghanistan, Taliban waliteka malori mawili ya mafuta, wakataka kuyavusha mto, yakakwama kwenye mchanga. Habari ikaenea vijijini, watu wakaja na madumu kuchota. Hapa sina haja ya kumweleza Mtanzania, Msamvu, Morogoro, Agosti 2019 tuliona wenyewe lori limepinduka na watu wakaenda na madumu na zaidi ya 100 wakafa, sio wezi wale, watu tu wa kawaida wameona mafuta yanamwagika. Kambi ya jeshi la Ujerumani, lililokuwa kule na Wamarekani kupigana na Taliban, haikuwa mbali na ule mto, na kanali wao akahofia malori yatageuzwa mabomu ya kuipiga kambi. Alikuwa na vitu viwili, picha kutoka angani zinazoonyesha watu kama nukta nyeusi, na mtoa habari mmoja kwenye simu, aliyeulizwa tena na tena akajibu hakuna raia, wote ni Taliban. Marubani wa Kimarekani wakauliza tupite chini kwanza tuwatishe watawanyike? Akakataa. Mabomu mawili yakaachiwa.

Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo, inatajwa toka makumi mpaka zaidi ya mia, na wengi ilikuja kuonekana walikuwa raia. Pitisha maswali yetu. Alilenga nini, malori na wapiganaji, shabaha ya kijeshi. Uwiano, kwa alivyoamini yeye hapakuwa na raia wa kuwapima. Tahadhari, hapo mimi naona pana jambo zito, mtoa habari mmoja tu kwenye simu, na marubani wanakuomba ruhusa ya kuwatisha watu unakataa, usiku, kwenye mwezi wa Ramadhani ambao watu wako macho kwa daku. Waendesha mashtaka wa Ujerumani hawakuona hivyo, 2010 wakafunga jalada, wakasema hakujua kama kuna raia na aliamini alichoamini. Waziri mmoja alijiuzulu kwa namna habari zilivyoshughulikiwa, kanali mwenyewe baadae akapandishwa cheo.

Kwahiyo kijana wa bodaboda hapo angekasirika na ana haki ya kukasirika. Lakini nisimwache mzee na ile yake ya vita haina macho, kwa sababu wapo waliofungwa. Jenerali Stanislav Galić aliyeongoza jeshi lililouzingira mji wa Sarajevo kule Bosnia na kuwadungua watu kwenye foleni za maji alipewa kifungo cha maisha kwenye rufaa 2006. Bosco Ntaganda wa hapa Kongo 2019 alikutwa na hatia kwa makosa 18 yaliyofanyika Ituri, kuwashambulia raia likiwemo, akapewa miaka 30. Ukizitazama kesi hizi mbili unaona kitu, waliofungwa ni waliolenga raia au walioacha walengwe. Kesi ya mtu aliyefungwa kwa sababu tu mizani ya uwiano ilimshinda, huku shabaha yake ilikuwa halali, ni ngumu sana kuipata. Sheria inamkamata mwenye baruti kirahisi kuliko inavyomkamata mwenye nyavu aliyezembea kuangalia kilichomo.

Jana nikamkuta mzee pale pale nikamweleza yote haya, alisikiliza bila kunikatiza, akauliza swali ambalo sikulitegemea, na aliyefiwa sheria inampa nini? Nikamwambia babu, hapo ni padogo. Familia za Kunduz Ujerumani iliwapa kila familia dola 5,000, kama msaada, bila kukubali kosa. Walipodai fidia mahakama za Ujerumani ziliwakatalia. Baba mmoja aliyepoteza wanawe wawili pale mtoni alikwenda mpaka mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, Strasbourg, na kule hakuwa anadai tena fidia ya bomu, alikuwa anadai uchunguzi ulikuwa mbovu. Mahakama ikakubali kwamba nchi inawajibika kuchunguza vifo vya namna ile hata vikitokea mbali na kwao, hilo ni jambo kubwa kwa wengine wote watakaofuata, afu ikasema uchunguzi uliofanyika ulitosha. Ilikuwa Februari 2021, miaka 11 na nusu baadae.

Mzee akaniuliza hao watoto walikuwa wakubwa kiasi gani. Nikamwambia mmoja 12, mmoja 8. Akamimina mashapo ya kahawa chini, akamrudishia mwenyewe kikombe chake.